Simu za ofisi: maneno ya kujua kabla hujaita fundi

Mimi hufunga simu kwenye ofisi za mawakala wa forodha, Kilindini hadi Moi Avenue, Mombasa. Kwanza tenganisha laini na ekstensheni. Laini ndiyo inayotoka nje, yenye namba ya 041, na ndiyo unayolipia. Ekstensheni ni ya ndani tu, mathalani 101 ya mapokezi. Watu kumi hawahitaji laini kumi! Tatu zaweza kutosha, maana swichibodi, yaani mtambo unaounganisha simu zote za ofisi, huzigawa. Wa nne akitaka kupiga nje, atangoja. Basi hesabu wanaoongea na wateja kwa wakati mmoja siku meli imetia nanga, ndipo uagize. Ukimhamishia mwenzako simu ya mteja, muulize kwanza, usimtupie mteja. Na swichibodi iwekee betri ya akiba, stima hupotea.