Sakafu ya mbao ghorofani bila kumsumbua jirani wa chini

Kwenye fleti za Malindi, kinachomkera jirani wa chini ni vishindo vya miguu, na hivyo husafiri ndani ya zege. Kabla ya mbao, tandika raba nzito ya milimita 5 au zaidi juu ya slabu yote (sakafu ya zege), kingo zigusane bila kupandana, uzizibe kwa tepu. Sponji nyembamba hubonyea haraka, haifai. Usipigilie msumari wala skrubu hadi kwenye zege. Hata mmoja hupitisha sauti. Acha milimita 10 hadi 12 kuzunguka kuta zote, maana unyevu wa masika huvimbisha mbao, na zikigusa ukuta hubenuka na kelele huhamia ukutani. Skatingi (ubao mwembamba wa chini ya ukuta) ifungwe ukutani tu, isikandamize mbao.