Seva kwanza, skripti baadaye: kuandaa OpenStack kwa Kolla-Ansible

OpenStack ni programu huria ya kujenga wingu binafsi, na Kolla-Ansible ni skripti za kuisimika kwenye seva zako. Ukiniuliza kazi ya wingu hilo iko wapi, nitakwambia iko kabla ya `deploy`, amri ya kusimika. Skripti haikisii; ulichoiandikia ndicho inachofanya, tena kwenye mashine zote kwa mpigo.

Tuchukue seva tatu zenye Ubuntu. Ziwe tatu hasa, zote kwenye kundi la `control` (seva za uongozi) katika `multinode`, faili lenye orodha ya seva: hifadhidata ya MariaDB huendeshwa kwa wingi wa kura, na mbili zikibaki hai, kazi inaendelea. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, uwashe uwezo wa kuendesha mashine pepe, kisha uhakikishe kwa `grep -Ec 'vmx|svm' /proc/cpuinfo`. Ukiona sifuri, rudi BIOS. RAM ya GB 8 na diski ya GB 40 ni kima cha chini, cha kujifunzia tu.

Sasa kadi za mtandao, na hapa naomba utulie. Kila seva inahitaji mbili. Ya kwanza, tuseme `eno1`, ipe anwani ya kudumu. Ndiyo `network_interface` ndani ya `/etc/kolla/globals.yml`, faili la mipangilio ya Kolla-Ansible. Ya pili, `eno2`, iwashe lakini usiipe anwani yoyote ya IP, kwa sababu Neutron, sehemu ya OpenStack inayoshughulikia mitandao, inaichukua nzima kwa ajili ya mtandao wa nje. Ukiingia kwa SSH kupitia kadi hiyo, siku ya kusimika utajikuta umefungiwa nje. Piga `ip -br a` kwenye kila seva, hata kama zimenunuliwa pamoja. Majina ya kadi yakitofautiana, yaondoe kwenye `globals.yml`, kisha andika la kila mashine kwenye mstari wake katika faili la `multinode`.

Halafu `kolla_internal_vip_address`, anwani ya pamoja ya kufikia huduma za wingu: iwe ya mtandao uleule wa `eno1`, isiyo ya mashine yoyote wala haigawiwi na DHCP (huduma inayogawa anwani yenyewe). Ipige ping, ikijibu, tafuta nyingine.

Saa zote zilingane kwa chrony, programu ya kusawazisha saa, na ufunguo wa SSH ufike kila seva. `kolla-genpwd` itajaza manenosiri kwenye `/etc/kolla/passwords.yml`, weka nakala yake nje ya mashine hiyo, mahali salama.

Kisha:

`kolla-ansible bootstrap-servers -i multinode`
`kolla-ansible prechecks -i multinode`

Ya kwanza inaweka Docker, programu ya kuendesha huduma ndani ya makontena, na kupanga majina kwenye `/etc/hosts`. Ya pili inakagua milango ya mtandao (port), kadi na ile anwani ya pamoja. Ikilalamika, soma mstari mwekundu wa kwanza, rekebisha, irudie mpaka ipite kwenye seva zote tatu. Hapo ndipo uandike `deploy`.