Kunyoosha nywele za asili kwa pasi bila kuziunguza

Pasi ya nywele hubebeshwa lawama nyingi ambazo si zake. Nywele zilizokakamaa, zinazonuka kuungua na kufura tena baada ya saa mbili, mara nyingi zilikosewa wakati wa kuosha na kukausha. Hatua hizo mbili zikienda vizuri, pasi hubakiwa na kazi ndogo.

Joto hunyoosha kwa muda tu. Maji na joto hulegeza viungo vya haidrojeni, yaani vishikizo dhaifu vinavyoshikilia umbo la unywele kwa ndani, kisha unywele ukipoa au kukauka viungo hivyo hushikana upya katika umbo lililopo. Ndiyo maana ukinyeshewa kipilipili hurudi. Dawa ya kunyoosha huvunja viungo vingine, vya salfa, na sehemu iliyotiwa dawa hairudi tena. Pasi ikifikia kufanya nywele zisirudi, jua umeziharibu.

Osha mara mbili kwa shampuu inayosafisha kwa kina. Mafuta, jeli na siagi ya shea vilivyobaki huungulia kwenye bamba la pasi na kuganda juu ya nywele. Baada ya hapo paka kondishena nzito, vaa kofia ya plastiki dakika 20 hadi 30, fumua kwa vidole, halafu pitisha chanuo la meno mapana ukianzia kwenye ncha na kupanda kuelekea mizizi. Suuza mpaka utelezi uishe.

Gawa kichwa mafungu sita hadi manane, ubane kila fungu peke yake. Paka kinga ya joto, kiasi cha punje ya harage kwa kila fungu, na uisambaze kwa chanuo ili isikusanyike sehemu moja. Kwenye orodha ya viambato tafuta silikoni. Majina yake mengi huishia na “-cone”. Mafuta ya nazi peke yake hayatoshi kuwa kinga, na yakizidi nywele hulala kama zimemwagiwa uto.

Sasa draya, na hapa usiwe na haraka. Acha nywele zikauke zenyewe kwa hewa hadi nusu, kisha shika ncha za fungu uzivute zikaze bila kuumiza, huku draya yenye kichanio ikishuka kutoka mizizi kwenda ncha kwa joto la kati. Mizizi ndiyo inayoamua. Iguse kwa kidole: ikiwa ya ubaridi, bado ina maji. Ukipitisha pasi juu ya maji hayo utasikia yakichaachaa. Yanachemka ndani ya unywele na kuacha vitundu, na hapo ndipo utakapokatikia. Fungu likitoka kwenye draya likiwa limenyooka kama robo tatu ya kazi, umefaulu.

Tumia pasi yenye mabamba ya seramiki au titani, upana wa sentimita 2.5 au pungufu, inayoonyesha joto kwa nambari. Pasi yenye swichi ya kuwasha na kuzima tu ni ya kubahatisha. Nywele nyembamba au zilizotiwa rangi zinatosheka na nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi. Za wastani 170 hadi 185. Nene na ngumu, hadi 200. Anza chini, jaribu shungi moja la kisogoni, ndipo upandishe kidogo kama hapana budi. Zilizotiwa blichi au zinazokatika ovyo ziache kabisa.

Chukua shungi lenye unene usiozidi sentimita 1. Tanguliza chanuo la meno ya karibukaribu, pasi ifuate nyuma yake kwa mwendo mmoja usiosimama, kama sentimita 3 kwa sekunde. Pitisha mara moja. Ya pili iwe ya mwisho. Kupita haraka mara tano huunguza kuliko kupita polepole mara moja. Ukibana kwa nguvu utaacha alama ya mkunjo, na ukisimama utaunguza. Anza sentimita 1 kutoka kwenye ngozi. Nywele za ukingoni mwa uso ni laini: zifanye mwisho, kwa joto la chini.

Mizizi ikibaki imefura, usipandishe joto. Rudi kwenye draya, ukaushe upya fungu hilo.

Ziache zipoe kabla ya kuzichezea. Matone mawili au matatu ya mafuta mepesi yanatosha kichwa kizima. Losheni yenye maji na jeli weka kando. Usiku zizungushe kichwani zikilala bapa, ufunge kitambaa cha satini. Kwa utunzaji huo hukaa wiki moja hadi mbili, ila hujikunja mapema zaidi kwa mwenye kutoka jasho jingi. Kupiga pasi kila asubuhi ndiko kunakomaliza nywele. Kati ya unyooshaji mmoja na mwingine pisha angalau wiki sita.

Siku ya kuosha, tazama mashungi yakiwa na maji. Yanayojikunja kama zamani ni mazima. Yanayoning'inia wima yameungua, na hakuna kondishena itakayoyarudisha. Hayo hukatwa, yote mara moja au kidogo kidogo kadiri nywele mpya zinavyoota.