Kununua kaunta ya frikwensi: anza na saa iliyo ndani yake

Mafundi wengi wakienda kununua kaunta huangalia kioo kina tarakimu ngapi. Lakini kaunta inahesabu mitetemo huku ikijipimia muda kwa saa yake ya ndani. Saa hiyo ikikosea, tarakimu zote zinakosea nayo.

Hatua ya 1: Jua kosa unaloweza kuvumilia. Mimi natengeneza saa za betri, kwa hiyo napima kristali, kile kijiwe kinachotetema na kuiongoza saa, ya 32,768 Hz (mitetemo 32,768 kwa sekunde). Ikipotoka sehemu moja kwa milioni, saa itakimbia au itachelewa sekunde 0.086 kwa siku, kama mbili na nusu kwa mwezi. Nataka kaunta iliyo sahihi mara kumi zaidi ya hapo.

Hatua ya 2: Uliza inahesabuje. Kaunta rahisi hufungua lango sekunde moja na kuhesabu mawimbi. Wimbi moja likizidi au kupungua, kwa kristali yangu ni kosa la sekunde 2.6 kwa siku. Haifai kabisa. Tafuta inayopima muda wa mawimbi kwanza, kisha ikagawa idadi yake kwa muda huo. Ikiwa na saa ya 10 MHz (mitetemo milioni kumi kwa sekunde), kwa sekunde moja hukupa tarakimu saba hivi, hata ukipima 50 Hz tu.

Hatua ya 3: Kagua saa ya ndani. Kristali ya kawaida huyumba joto likibadilika. Iliyofungiwa kwenye kijioveni, yaani kisanduku kinachoiweka kwenye joto lilelile, hutulia zaidi, ila iache ipate moto kwanza, na bado huzeeka. Ndiyo maana naichagua kaunta kuukuu yenye tundu la kuingizia 10 MHz kutoka kipokezi cha GPS, kinachofuata saa za setilaiti, kuliko mpya isiyo nalo.

Hatua ya 4: Kama unapima muda kati ya mapigo mawili, angalia pia inatofautisha pikosekunde ngapi (pikosekunde moja ni sehemu ya elfu ya nanosekunde, na nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde). Kaunta ya Keysight 53230A hutofautisha hadi 20. Nyaya zako ziwe na urefu sawa: sentimita 20 za waya wa koaksia ni karibu nanosekunde nzima.

Hatua ya 5: Ijaribu kabla ya kulipa. Muuzaji mmoja aliunganisha tundu la nyuma linalotoa 10 MHz ya saa ya ndani na tundu la kupimia la mbele, kioo kikasomeka 10,000,000 bila kasoro. Nikalipa. Kumbe kaunta iliyojipima kwa saa yake yenyewe haiwezi kuonyesha kosa la saa hiyo! Nenda na chanzo chako cha 10 MHz, iwashe kaunta ikiwa baridi, kaa nusu saa ukitazama tarakimu za mwisho zinavyotembea na zinapotulia.