Jinsi ya kutania kwa Kilatini cha mahakamani

Kilatini cha mawakili kinachekesha sana, ila wengi wanaanzia pabaya, wanaokota neno zito wanalimwaga tu halafu wanashangaa mbona hakuna anayecheka. Anza na maana jamani. Utamu wote uko pale neno la mahakamani linapokutana na kijambo kidogo cha kila siku, sasa kama maana huijui utacheza na nini?

Chukua nemo dat quod non habet, yaani mtu hatoi asichokuwa nacho. Kisheria ndo ile kwamba mwizi akikuuzia kitu hujakipata kihalali, maana hata yeye hakikuwa chake. Rafiki akikukopa mwisho wa mwezi na mfuko umekauka, mjibu nemo dat, hatoi asiyenacho, basi. Au res ipsa loquitur, jambo linajieleza lenyewe: mtoto anaapa hajagusa sukari na mdomo wote umejaa chenga, hapo shahidi wa nini.

Ukishazoea maana nenda kwenye sauti, na hapa ndo napapenda zaidi. Bona fide ni nia njema, kwa hiyo mtu asiyekusalimiaga akianza kukubembeleza ghafla muulize, mbona fide? Ex parte ni pale hakimu anapotoa amri baada ya kusikia upande mmoja tu, sasa ile stori ya ex wako anavyosimulia mlivyoachana, hiyo ni ex parte kabisa! (Uingereza kwenye kanuni zao za kesi za madai zilizoanza kutumika 1999 waliliondoa hilo neno ili watu wa kawaida waelewe, ni sawa, ila kwa watani ni hasara.) In camera nayo ni kesi kusikilizwa faragha, camera kwa Kilatini ni chumba, kwa hiyo kesi ikiwa in camera ndo kamera zinabaki nje.

Inayonikosha kuliko zote ni audi alteram partem, sikiliza na upande wa pili. August Horch, Mjerumani, alitoka kwenye kampuni yake ya magari 1909 akazuiwa kutumia jina lake kwenye kampuni mpya, na horch kwa Kijerumani ni sikiliza, wakaligeuza Kilatini likawa Audi. Kwa hiyo ukikutana na mbishi anayeendesha Audi mwambie gari lake lenyewe linamwambia asikilize.

Utani uwe mfupi na maana ya Kiswahili idokezwe humohumo, ukianza kufafanua baadae umeshaua. Na habeas corpus usimtanie nayo mtu ambaye ndugu yake kashikiliwa, ile ni amri ya kumleta mtu mbele ya mahakama, kwake ni jambo la kulilia. Matamshi yasikutishe, mawakili wenyewe kila mmoja anatamka kivyake.