Namna ya Kuandaa Jaribio la Kujifunza kwa Anayeomba Nafasi ya Utafiti wa Baada ya Uzamivu

Anayeomba nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu katika fani ya ujifunzaji, unyumbufu wa ubongo (uwezo wake wa kubadilika) na ufanyaji wa maamuzi huulizwa mapema jaribio lake likoje, na hapo ndipo maombi mengi hupwaya: mwombaji ameueleza ubongo kurasa tatu nzima, ila hajasema mshiriki atakapoketi atafanya nini.

Anza na jaribio dogo. Mshiriki aoneshwe kwenye skrini kadi mbili, ya buluu na ya njano, achague moja. Ya buluu impe pointi kwa wastani mara 7 katika kila 10, ya njano mara 3, kisha baada ya duru kadhaa, pasipo kumwambia, bahati za kadi hizo zibadilishane. Badiliko lisije kila baada ya duru 20 kamili, kwa kuwa washiriki huhesabu.

Halafu andika kanuni ya kujifunza, yaani hesabu ya jinsi mshiriki anavyobadili thamani anayoipa kadi kila apatapo matokeo. Ile ya wanasaikolojia Rescorla na Wagner ya mwaka 1972 yatosha kuanzia, nayo ni nyepesi kuliko inavyosifiwa. Tuseme mshiriki anaithamini kadi ya buluu kwa 0.5, kasi yake ya kujifunza ni 0.2, naye akapata pointi 1: kosa la utabiri, yaani alichopata ukitoa alichotarajia, ni 0.5, ukilizidisha kwa 0.2 unapata 0.1, basi thamani inapanda hadi 0.6. Akikosa duru inayofuata, kosa ni -0.6 na thamani inashuka hadi 0.48. Kosa la namna hiyo ndilo ambalo Schultz, Dayan na Montague walilihusisha mwaka 1997 na mwenendo wa seli za ubongo zinazotoa kemikali ya dopamini.

Kabla ya kumwita mtu yeyote, tunga washiriki wa bandia kwenye kompyuta, wape kasi za kujifunza unazozijua mwenyewe, kisha uone kama programu yako itazirudisha zilezile. Hatua hii niliiruka nilipokuwa mgeni wa kazi, nikaja kugundua, data zote zikiwa zimekusanywa, kwamba anayejifunza polepole na anayechagua ovyo siwezi kuwatofautisha. Nilihitaji duru nyingi zaidi, na washiriki walikwisha kwenda zao.

Ukitaka kudai kwamba ubongo umebadilika, wapime watu walewale kabla na baada ya mafunzo. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionesha kuwa sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva wa teksi wa London, lakini mwenye shaka aliweza kujibu kwamba pengine waliozaliwa nayo hivyo ndio wanaoimudu kazi hiyo. Jibu lilipatikana mwaka 2011, Woollett na Maguire walipowafuatilia wanagenzi 79 wa udereva huo ambao mwanzoni hawakutofautiana: ongezeko lilionekana kwa wale 39 waliofaulu mtihani wa kuijua mitaa ya London, si kwa walioshindwa.

Kwa hiyo eleza katika maombi yako kundi la kulinganisha litakuwa likifanya nini kati ya vipimo viwili, na utafanyaje wengine wasiporudi kwa kipimo cha pili.