Magulio na Sikukuu za Italia: Mwongozo kwa Anayetoka Kigoma au Tabora

Mtu wa Kigoma au Tabora anayekwenda Italia kusoma, kufanya kazi au kutumwa na shirika lake la kitawa huandaliwa vya kutosha kuhusu viza, bima na kibali cha ukaazi, lakini ni nadra kuambiwa afanye nini na Jumamosi yake ya kwanza katika mji ambao hajuani na mtu. Shauri langu ni kwamba aanze na gulio la mtaa anaokaa, kisha aende kwenye sherehe ndogo za vijiji vya jirani, na zile sherehe kubwa zinazoonyeshwa kwenye televisheni duniani kote aziache kwanza. Venice wakati wa kanivali, yaani sherehe za kabla ya Kwaresima, hujaa watalii ambao hawatarudi tena, ilhali katika kijiji kidogo mgeni aliyekuja mwaka jana akarudi mwaka huu hukumbukwa kwa sura, na asipoonekana mwaka unaofuata huulizwa alikuwa wapi.

Jambo la kwanza ni kupata kalenda. Karibu kila manispaa, ambayo Waitalia huiita comune, huwa na siku yake maalumu ya gulio katika juma, na wachuuzi wengi huzunguka kutoka mji hadi mji kama wafanyavyo wale wa minada ya Kasulu na Kibondo. Kwa hiyo muuza jibini uliyempenda Jumanne anaweza kukueleza Alhamisi atakuwa wapi. Sherehe nyingi za vijijini huandaliwa na chama cha kujitolea cha wenyeji kiitwacho Pro Loco, na matangazo yake hubandikwa kwenye kuta, vituo vya basi, milango ya makanisa na kaunta za mikahawa. Yasome matangazo hayo kwa makini, hasa saa, maana 19.00 ni saa 1 jioni kwa hesabu yetu, na aliyezoea kusoma saa kwa Kiswahili hukosea kwa urahisi. Kila mji pia una mtakatifu msimamizi wake, na siku yake ni mapumziko katika mji huo peke yake: Torino na Florence hupumzika tarehe 24 Juni kwa heshima ya Yohane Mbatizaji, Roma tarehe 29 Juni, Napoli tarehe 19 Septemba, na Milano tarehe 7 Desemba. Ofisi hufungwa, hivyo usipange kwenda kushughulikia karatasi zako siku hiyo.

Gulioni, fika kabla ya saa 4 asubuhi ukitaka vitu vizuri, au karibu na saa 7 mchana, wakati meza zinaanza kukunjwa, ukitaka bei ya kuteremka. Salamu hutangulia, kama ilivyo Mwanga au Ujiji. Asiyesema "buongiorno" kabla ya kutaja anachotaka huhudumiwa kwa uso mkavu. Mahali ambapo hakuna foleni inayoonekana, uliza "chi è l'ultimo?", yaani nani wa mwisho, kisha mkumbuke huyo mtu na umfuate zamu yake itakapokwisha. Usiguse matunda. Hili huwasumbua sana watu wetu, ambao wamezoea kubonyeza parachichi na kunusa embe kabla ya kulipa, lakini kwenye meza nyingi za Italia muuzaji ndiye anayechagua, na mteja humweleza tu kama matunda yataliwa leo au keshokutwa. Ukimweleza hivyo, muuzaji mwaminifu atakuchagulia kwa uangalifu kuliko ambavyo ungechagua mwenyewe, na asiye mwaminifu utamjua ukifika nyumbani, ukamhama juma linalofuata.

Vipimo navyo vina desturi yake. Jibini, nyama iliyokaushwa na zeituni huagizwa kwa etto, ambayo ni gramu 100, na bei inayoandikwa mara nyingi ni ya etto moja, kwa hiyo mtu anayedhani ni bei ya kilo hushtuka mizani inapotulia. Katika magulio ya vyakula hakuna kupatana bei kama tunavyopatana sisi. Bei imeandikwa, na kuibishia huonekana utovu wa adabu. Hata hivyo nyongeza ipo. Ukishanunua mboga za kutosha, muombe muuzaji "un po' di odori", naye atakutilia kwenye mfuko kifungu cha majani ya parsley, kipande cha selari na pengine karoti moja bila malipo, viungo ambavyo kila jikoni ya Kiitalia huanza navyo supu. Wenyeji huomba hivyo kila siku, na mgeni anayejua kuomba huonekana si mpita njia. Kupatana bei kuna mahali pake, yaani kwenye magulio ya vitu vya mitumba na vya kale, kama Porta Portese la Roma, ambalo hufanyika Jumapili asubuhi, au Balôn la Torino siku ya Jumamosi. Huko makoti ya baridi hupatikana kwa bei ya mwanafunzi.

Kwa vyakula vya nyumbani, masoko matatu yanatosha kutajwa. Porta Palazzo la Torino, katika uwanja wa Piazza della Repubblica, ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi barani Ulaya, na siku ya Jumamosi huendelea hadi jioni. Roma kuna soko lenye paa la Esquilino, karibu na Piazza Vittorio na stesheni kuu ya Termini. Palermo kuna Ballarò, ambako wauzaji hunadi bidhaa kwa sauti za kupokezana hata mtu wa Kibirizi akajisikia amefika mwaloni. Katika maeneo hayo na maduka yanayoyazunguka utapata mihogo, ndizi za kupika, bamia, na mara nyingi mawese, ingawa mtu wa Kigoma atayaonja mawese ya chupa na kuwa na la kusema.

Sasa nije kwenye sherehe za chakula, zinazoitwa sagra, ambazo kwa maoni yangu ndizo zawadi kubwa ya kuishi Italia. Kila moja hujengwa juu ya kitu kimoja kinachotoka mahali hapo: uyoga, samaki, njugu za miti ya castagno, asali au aina fulani ya tambi. Siku hizi wapo wanaolitumia jina hilo kuuza chakula chochote popote. Kipimo changu ni kwamba kadiri orodha ya vyakula ilivyo fupi ndivyo sherehe ilivyo ya kweli. Utaratibu wake humchanganya mgeni, maana hakuna mhudumu anayekuja mezani kuchukua agizo. Chukua karatasi ya vyakula, weka idadi mbele ya kila unachotaka, panga foleni kwenye kaunta iliyoandikwa "cassa", lipa, kisha peleka tiketi yako kwenye dirisha la jikoni na usubiri namba yako itajwe. Meza ni ndefu na hukaliwa na watu wasiojuana. Salimia walio pembeni yako, watakie "buon appetito", na ukimaliza ondoa sinia lako. Baadaye bendi hupiga valsi na mazurka, na wazee wa miaka sabini huzunguka ukumbini kwa wepesi unaowaaibisha vijana. Mzee akikuita uwanjani, nenda, kwa kuwa hakuna anayetarajia kwamba unazijua hatua.

Zipo sherehe na vyakula ambavyo mtu wa kwetu atavielewa bila mkalimani. Katika ziwa Como huvuliwa samaki aitwaye agone, ambaye hutumbuliwa, hutiwa chumvi, hutundikwa na kukaushwa hewani, kisha hupangwa kwenye kopo pamoja na majani ya bay na kugandamizwa, na hapo huitwa missoltino. Akichomwa na kunyunyiziwa siki huliwa na polenta, ambayo ni ugali wa mahindi, mara nyingi ukiwa umekatwa vipande na kubanikwa juu ya moto. Aliyelelewa kwa dagaa na migebuka ya Tanganyika hahitaji kuelezwa zaidi. Camogli, mji wa wavuvi katika mkoa wa Liguria, husherehekea mtakatifu Fortunato katika Jumapili ya pili ya Mei kwa kukaanga samaki kwenye kikaango cha chuma chenye upana wa mita 4 hivi, uwanjani kando ya bandari.

Mtu wa Tabora atafute Montalcino, Toscana, mwezi Septemba, wakati wa wiki ya asali. Aonje asali ya castagno, nyeusi na yenye uchungu kidogo mwishoni, na aizungumze na wafugaji nyuki kwa ujuzi wa mtu aliyekulia kwenye misitu ya miombo. Mazungumzo hayo huvuta viti. Mwezi huohuo mji wa Borgo Val di Taro hufanya maonyesho ya uyoga wa porcini. Lakini hapa pana onyo ambalo halimjii haraka mtoto wa Urambo au Sikonge, aliyezoea kuingia porini mvua ikinyesha na kurudi na kikapu: Italia uyoga wa msituni una sheria, maeneo mengi hudai kibali cha kuokota, na sheria ya taifa ya mwaka 1993 inaweka kikomo cha kilo 3 kwa mtu kwa siku. Nunua mezani.

Mwislamu wa Ujiji au wa Tabora mjini anaweza kufurahia sagra nyingi, ila aulize kila mara "c'è maiale?", na asiishie kwenye nyama. Mafuta ya nguruwe, yaitwayo strutto, huingia katika mikate na maandazi ya chumvi ya mkoa wa Emilia-Romagna, na divai huingia katika risotto, yaani wali wa Kiitalia, na katika michuzi. Sherehe za samaki na uyoga ni salama zaidi, ingawa hata huko ni lazima kuuliza.

Sikukuu za watakatifu zina sura nyingine, kwa kuwa ni ibada kabla ya kuwa burudani. Maandamano yanapopita simama, vua kofia, usikatize katikati ya watu ili upate picha, na usiwapige picha watoto wa wengine. Mwanamke mwenye khanga kwenye mkoba amekwisha kutatua suala la mabega wazi kanisani. Catania humwadhimisha Agatha tarehe 3 hadi 5 Februari. Viterbo, jioni ya tarehe 3 Septemba, wanaume wapatao mia moja hubeba mabegani mnara uliowashwa taa wenye kimo cha mita 30 hivi kwa heshima ya Rosa, na taa za mitaani huzimwa mnara unapopita. Palermo nayo ina msimamizi mwenza mweusi, Benedikto, mwana wa Waafrika waliokuwa watumwa, aliyefariki mwaka 1589; sanamu zake zimo makanisani huko, na ni vyema Mwafrika anayeishi Sicilia amjue.

Kuhusu zile kubwa, nitasema machache. Mbio za farasi za Siena hufanyika tarehe 2 Julai na 16 Agosti. Kusimama katikati ya uwanja ni bure, lakini utakaa juani kwa saa nyingi bila choo, na kutoka ni kazi. Ivrea, wakati wa kanivali, watu hurushiana machungwa kwa nguvu, na anayevaa kofia nyekundu hutambuliwa kuwa hachezi. Ivae kofia hiyo, na hata hivyo usikae karibu na magari ya farasi yanayobeba warushaji. Mtu aliyekua akiona chungwa linauzwa limemenywa stendi anaweza kuumia kwa njia mbili, mwilini na moyoni.

Kabla ya kutoka, hakikisha basi au treni ya kurudi ipo, kwa sababu Jumapili usafiri wa vijijini hupungua sana, na karibu na tarehe 15 Agosti, Kupalizwa kwa Bikira Maria, nusu ya nchi imefunga maduka. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa hugongwa kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Beba kitambulisho na kibali cha ukaazi. Usinunue mkoba wala viatu vyenye nembo bandia vinavyotandazwa barabarani, maana faini humwangukia pia mnunuzi na inaweza kufika euro 7,000.

Ukishazoea, jitolee. Pro Loco nyingi hukosa mikono ya kubeba meza na kukaanga, na anayesaidia jikoni hujifunza Kiitalia haraka kuliko darasani. Majimbo mengi ya kanisa na manispaa kadhaa huandaa pia sikukuu ya mataifa, Festa dei Popoli, ambapo jumuiya za wageni hualikwa kuimba, kucheza na kugawa vyakula. Ulizia parokiani mapema, kwa kuwa nafasi za meza hugawiwa majuma kadhaa kabla. Ukipewa meza, pika kinachogawika kwa urahisi, kama pilau, maandazi au sambusa za mboga, na andika kwenye kadi kila kilichomo, kwani wageni watauliza kuhusu ngano, maziwa na karanga kabla hawajanyoosha mkono.